Ulijitolea kuwahudumia washindani wote, si kumlinda mkeo

Baba Lusajo wa Uyole, Mbeya, ananiandikia kwamba mkewe hamsemeshi vizuri tangu yalipofanyika mashindano ya triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mke alikuwa mshindani, naye mume akajiandikisha kujitolea ili awe karibu naye, akapangiwa eneo la kubadilishia, pale washindani wanapotoka majini na kuchukua baiskeli. Mkewe alipofika, Baba Lusajo alimfunika kanga mabegani, akamshushia baiskeli kutoka kwenye chuma cha kuegeshea, akaikokota huku akikimbia naye hadi mstari wa kupandia. Msimamizi aliona, akamwadhibu mke kwa kumwongezea muda, na nafasi ya tatu ikampotea. "Nilimsaidia kwa mapenzi, Shangazi," anaandika, "lakini yeye ananiona adui. Je, nimeoa mke au nimeoa mchezo?"

Baba Lusajo, pole kwa ukimya ulioingia nyumbani kwako, maana najua unavyochosha. Baada ya pole hiyo nakuambia wazi kwamba mkeo ana haki ya kukasirika, na kwamba barua yako imemtetea yeye kuliko ilivyokutetea wewe.

Umeandika kwamba ulimfunika kanga "asishikwe na baridi ya ziwa". Mtu wa Uyole anayeteremka Tukuyu hadi Kyela huanza kuvua koti kabla hajafika tambarare, na kule Matema watu hutafuta kivuli cha mwembe, hawatafuti blanketi. Kilichokusumbua ni macho ya watu, na ushahidi umo ndani ya barua yako mwenyewe: umeeleza vazi lake la kuogelea kwa sentensi nyingi, lakini hukuniambia hata alitoka majini akiwa wa ngapi. Mkeo ni binti wa Matema, aliyejifunza kuogelea ziwani humo tangu utotoni. Siku hiyo alikuwa anashindana mbele ya wajomba zake, mama zake wadogo na wasichana waliokua naye. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nawe ukaenda kwao kumvisha kanga katikati ya mchezo, kana kwamba ametenda jambo la aibu.

Tena usiniambie kwamba hukuijua sheria, kwa sababu umekiri kwamba wanaojitolea walikusanywa jioni iliyotangulia na kuelekezwa kazi. Katika triathloni saa haisimami. Mshindani anapovaa viatu na kufunga kofia ya kinga, muda huo nao unahesabiwa pamoja na wa kuogelea, wa baiskeli na wa kukimbia, ndiyo maana kila mmoja lazima ajihudumie mwenyewe: afunge kofia hiyo kidevuni kabla hajaitoa baiskeli yake, aikokote kwa mikono yake, na asiipande kabla ya kuvuka mstari. Anayejitolea anaweza kumpa maji na kumwonyesha njia, lakini kumbebea kazi yake ni kumpa faida ambayo wenzake hawana. Mkeo alikuwa na mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, na amezifanyia mazoezi, kwa maneno yako mwenyewe, akiamka saa kumi na moja alfajiri huku uji wa watoto ukiwa tayari jikoni. Jasho lote hilo likatiwa doa na mtu aliyedai kumpenda.

Liko jambo jingine ambalo umelipitia haraka, nami sitalipita. Umemtaja kijana aliyetoka majini nyuma ya mkeo, akababaika asijue atokee upande gani, kwa sababu aliyepaswa kumwelekeza alikuwa ameondoka na baiskeli ya mke wake. Aliyepaswa kumwelekeza ni wewe. Kijana huyo naye ana mama aliyekuwa akimsubiri kandokando ya barabara ya kuelekea Ipinda. Ukivaa fulana ya kujitolea, kila anayepita mbele yako ni wako kwa saa hizo, na mkeo unampa kile kile unachompa wa mwisho kabisa.

Ndoa nyingi za sasa zinaumia hapa. Mume anatoa ruhusa, anaitangaza kwa ndugu na majirani, kisha anataka aonekane katika kila jambo linalotokana na ruhusa hiyo. Mke akifungua duka, mume anakaa kwenye droo ya pesa. Mke akirudi chuoni, mume anamsubiri getini. Nasi wanawake tunayafanya hayo hayo kwa waume zetu na kuyaita matunzo. Wazee wetu walisema tenda wema uende zako, lakini wewe ulitenda, ukabaki hapo ukidai shukrani, na hata wema wenyewe haukuwa umeombwa.

Mashindano mengine yakija, kama mkeo atakubali uwepo, omba upangwe kwenye meza ya maji iliyo mbali, ambako atapita mara moja tu. Mnyooshee kikombe, mtaje jina, kisha mgeukie anayemfuata.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoiweka chini kabisa ya barua, baada ya salamu, kwamba baiskeli yake iko kwa kaka yako Mbalizi "kwa matengenezo". Hukutaja ubovu wowote, wala hukusema kwamba mwenye baiskeli aliulizwa. Kaifuate kabla ya Jumamosi, uirudishe kwa mikono yako, na siku hiyo hiyo umwombe radhi Lusajo akiwepo, kwa kuwa alikuwepo pia mama yake alipoadhibiwa. Usimwambie "kama nimekukosea". Taja kanga, taja adhabu ya msimamizi, taja na safari ya baiskeli kwenda Mbalizi, halafu umwache aseme yake mpaka amalize.