Kiswidi, Kinorwei na sera za jamii: chukua vyote

Mdogo wangu, umeuliza kama kuchanganya lugha za Skandinavia na sera za jamii pale Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, ni kupoteza miaka minne, na hujui hata neno moja la Kiswidi. Mi nakwambia chukua. Lugha wanakuanzisha toka sifuri, unachagua Kideni, Kinorwei au Kiswidi, alafu mwaka wa tatu unaenda kukaa huko huko na hapo ndo utaiva.

Lugha ipi? Mi ningeenda na Kinorwei, maana maandishi yake yanafanana sana na Kideni na matamshi yako karibu na Kiswidi, kwa hiyo ukikishika vizuri hizo nyingine mbili unazisoma bila kuteseka. Kifini usikihesabu humo, ukoo wake mwingine kabisa.

Na hivi vitu viwili, lugha na sera, vinabebana kweli. Darasani utaambiwa wazazi Sweden wanapata siku 480 za likizo kwa mtoto mmoja, sawa, lakini ukijua lugha unaingia mwenyewe kwenye kurasa za Försäkringskassan, shirika lao la bima ya jamii, unaona siku 90 ni za baba tu na 90 za mama tu, huwezi kumwachia mwenzio, hapo unaanza kutafuta nani alipinga bungeni na kwa nini, na mijadala hiyo iko kwa Kiswidi.

Tasnifu fikiria Kibaha, Tanzania, ule mradi wa nchi za Nordic (kaskazini mwa Ulaya) ulioanza miaka ya 60, shule, afya na kilimo kwa pamoja. Ada ya mwanafunzi wa nje ulizia mapema sana, hiyo ndo itakubana kuliko Kiswidi.