Switch 2 itazifanyia nini gemu zangu za zamani?

SWALI: Nina mashine ya gemu ya Nintendo Switch ya kawaida, si ile ya kioo cha OLED. Haijawahi kunisumbua, na nina gemu nyingi, nyingine za kadi na nyingine za kupakua. Kila tangazo linanihimiza nihamie Switch 2 na kuniahidi kwamba gemu zangu zitacheza humo. Je, zitacheza vizuri zaidi au vilevile tu? Na padi na memori kadi yangu, navyo vitahamia?

JIBU: Inategemea kila gemu ilivyotengenezwa, kwa hiyo tuanzie ndani ya mashine. Switch ya kwanza, ya mwaka 2017, inatumia chipu ya NVIDIA ya Tegra X1. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ina chipu ya NVIDIA ya kizazi cha baadaye, na maagizo ya michoro yaliyoandaliwa kwa chipu ya kwanza hayasomeki moja kwa moja kwenye hii ya pili. Nintendo wenyewe wameeleza kuwa Switch 2 inayatafsiri papo hapo, gemu ikiwa inaendelea. Ndiyo sababu gemu nyingi mno za zamani zinafunguka bila shida, na chache zinaonyesha kasoro.

Sasa chukua gemu ambayo walioiunda hawajaigusa tangu Switch 2 itoke. Kama iliwekewa kikomo cha fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana kila sekunde, itabaki kwenye 30 hata mashine ikiwa na nguvu mara ngapi, kwa sababu kikomo kimo ndani ya gemu yenyewe. Lakini kama ilikuwa inalenga fremu 60 halafu inaporomoka vita vikichacha, au ilikuwa inapunguza pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, kila picha inapokuwa nzito, hiyo itanyooka bila msaada wa mtu, maana sasa nguvu ya kufikia lengo lake ipo. Muda wa kusubiri gemu ifunguke nao hupungua kwa nyingi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Kioo cha Switch yako kina mistari 720 ya pikseli. Cha Switch 2 ni kikubwa zaidi, inchi 7.9, na kina mistari 1080. Gemu ya zamani isiyosasishwa ukiicheza mkononi, kwa kawaida inabaki kutoa picha ya 720, kisha inatandazwa kwenye kioo kikubwa, kila pikseli ikichukua nafasi ya pikseli moja na nusu kwa upana na kwa urefu. Pikseli haigawanyiki, kwa hiyo mashine inakisia rangi za katikati. Tazama maandishi madogo ya menyu au ukingo wa mhusika anayekimbia: utaona ukungu ambao kwenye kioo chako cha sasa haupo. Kwa mtu anayechezea mkononi tu, gemu kama hiyo imerudi nyuma, na ningependa ulijue hilo kabla hujalipa.

Hali inabadilika kabisa waundaji wanapotoa sasisho. Pokémon Scarlet na Violet zilitoka mwaka 2022 zikiwa zinakwamakwama kiasi cha kukera. Sasisho lake la Switch 2 ni la bure, na limezifikisha fremu 60 kwa picha safi zaidi. Mwenye gemu hiyo haombwi hata senti ya ziada kwa ajili yake. Kwa nyingine, kama The Legend of Zelda: Breath of the Wild, unalipia nyongeza, dola 9.99 kwa bei ya Marekani, ingawa wenye uanachama wa Nintendo Switch Online wa daraja la juu wanaipata ndani ya ada yao.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kampuni inapomshawishi kweli mteja wake wa zamani: inapoifanya hazina aliyokwisha kuilipia iwe bora. Takwimu za nguvu hazitoshi. Wii, mashine ya zamani ya Nintendo, iliuza zaidi ya milioni 100, lakini mrithi wake, Wii U ya mwaka 2012, iliishia takribani milioni 13.5 ingawa ilicheza gemu za Wii. Jina lilifanana, matangazo yakakazia padi yenye kioo, na watu wengi wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo. Sony nao walikutana na tatizo jingine. Gemu kubwa kama God of War Ragnarök zilitolewa kwa mashine zao za PlayStation, PS4 ya zamani na PS5 mpya, pamoja, na hadi mwaka 2024 waliocheza kila mwezi kwenye PS4 walikuwa karibu sawa na wa PS5. Mtu akipata gemu mpya kwenye mashine yake ya zamani, ana haraka gani? Nintendo safari hii wamezuia baadhi: Mario Kart World na Donkey Kong Bananza hazipo kwenye Switch yako, na hazitapita kwa njia yoyote.

Vifaa sasa. Padi zako ndogo za Joy-Con zitaunganika bila waya, ila hazitashika ubavuni, kwa sababu Switch 2 inashika kwa sumaku, haina ile reli. Usizigawe hata hivyo. Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi inayochezwa kwa pete, bado inazihitaji, kwani Joy-Con 2, padi mpya za Switch 2, haziingii kwenye ile pete. Kitako cha kuunganishia na TV hakitumiki. Memori kadi yako ya microSD itakusaidia kuhamisha picha na video ulizorekodi tu. Gemu zinataka microSD Express, aina nyingine ya kadi ambayo ni ghali zaidi. Hifadhi ya ndani ni GB 256 dhidi ya 32 zako, basi huenda usiihitaji mapema.

Fanya hivi: andika gemu unazozicheza mwaka huu, si zote ulizonazo, kisha tafuta kila moja kama ina sasisho la Switch 2. Zikiwa nyingi zina sasisho la bure, au zile mbili mpya zinakukosesha usingizi, hamia. Kama hazina, na unachezea zaidi mkononi, subiri. Masasisho yanaendelea kutoka.

Ukiamua kuhamia, usiuze ya zamani siku unayonunua mpya. Kadi utachomeka tu, lakini hatua ulizofikia kwenye gemu zimo ndani ya mashine, hazimo kwenye kadi. Ziweke konsoli zote mbili karibu, zote zikiwa kwenye chaji, uhamishe, halafu fungua gemu moja moja uone kama safari yako ipo pale ulipoiachia.