Ukienda kuwahoji wafanyabiashara wa mtaa, usianze na "unauza kiasi gani?"

Ukitokea dukani na faili mkononi na kitambulisho shingoni, wewe ni mtu wa TRA, mamlaka ya kodi. Jieleze utakavyo, mwenye duka atakujibu: "Biashara ngumu, ndugu yangu, tunasukuma siku tu." Ndiyo maana katika dodoso letu la wafanyabiashara wa mtaa, swali la mauzo nililifuta.

Nauliza saa. Unafungua saa ngapi, unafunga saa ngapi, kwa nini? Fundi mmoja wa kuchomelea mageti aliniambia anaanza kazi saa kumi alfajiri. Mchana umeme mdogo, mashine haivuti. Akilazimisha, chuma hakishiki, inabidi asage na kuchomelea upya. Alfajiri umeme una nguvu, lakini grainda inaamsha majirani, na mwenye fremu keshamwambia kodi ya miezi sita ikiisha asilipe nyingine. Angeondoka na vijana wake wote. Mtu huyohuyo ukimuuliza "changamoto yako ni nini?" atakujibu "mtaji", maana kila mtu anaijua mikopo ile ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake.

Swali langu la pili: ukihama hapa, kitakachokuhamisha ni nini? Wanacheka kwanza. Kisha yanatoka: kilemba (pesa ya kupatia fremu), mgambo, mtaro unaofurika hadi mlangoni. Ni heri kuyasikia mapema. Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 ndipo Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaenda kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja, na kero zenyewe, kamatakamata ya kodi na usajili wa stoo, wafanyabiashara walikuwa wakizilalamikia tangu kabla ya mgomo. Juni 2024 wakafunga tena.

Nenda saa nne asubuhi, wateja wakiwa wachache. Nunua hata soda. Majina yasiandikwe kwenye karatasi ya majibu. (Na tafadhali, usiende na diwani, hasa uchaguzi ukikaribia.)

Halafu rudi na jibu, hata likiwa "imeshindikana". Kwa yule fundi, mwenyekiti wa mtaa aliwakalisha na majirani: alfajiri achomelee tu, kukata na kusaga iwe mchana, kwa kuwa grainda haili umeme mwingi. Suala la umeme tuliliandikia barua, nikampelekea nakala yenye muhuri. Aliibandika ukutani. Wenye fremu za jirani, waliokuwa wakinikwepa, walipoiona ndipo wakaanza kuniuliza dodoso lao liko wapi.