Betri, Ncha na Antena: Matunzo ya Redio za Mawasiliano za Mkononi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitunza redio za mawasiliano za mkononi, ambazo wengi huziita redio koli, kwa ajili ya walinzi na waongozaji wanaozitegemea zamu nzima. Nyingi kati ya zile ninazoletewa kwa maelezo kwamba zimekufa hazina ubaya wowote ndani. Kasoro huwa kwenye betri, kwenye ncha zinazopitisha umeme kati ya betri na redio, au kwenye antena, na sehemu zote hizo mtumiaji anaweza kuzitunza mwenyewe bila kuwa fundi.

Nianze na betri, kwa kuwa ndiyo inayochakaa mapema kuliko vyote. Redio nyingi za sasa hutumia betri za lithiamu, lakini watumiaji wengi bado wanafuata ushauri uliozifaa betri za kale za nikeli-kadimiamu, kwamba betri iachwe iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Betri ya lithiamu haihitaji hivyo, na kuiacha tupu kwa muda mrefu kunaiharibu. Ichaji kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, redio ikiwa imezimwa, na usiichaji ikiwa bado ina joto la jua au la gari lililofungwa vioo, kwa sababu betri hizi kwa kawaida zinapaswa kuchajiwa katika joto la kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Redio isiyotumika kwa wiki kadhaa itolewe betri, nayo betri ihifadhiwe mahali pakavu na penye ubaridi ikiwa na takriban nusu ya chaji. Mimi huandika kwenye kila betri tarehe iliyoanza kutumika, maana baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 uwezo wake huwa umepungua kwa kiasi cha kuonekana, na bila tarehe hiyo watu huilaumu redio. Betri iliyovimba isitumike tena, isitobolewe wala kutupwa motoni, bali ipelekwe panapokusanywa taka za kielektroniki.

Iko dalili moja ambayo hueleweka vibaya mara nyingi: redio inapokea vizuri, sauti ni safi, lakini mara tu kitufe cha kuzungumzia kinapobonyezwa inazimika. Wengi hudhani mtambo wa kurushia mawimbi umeungua. Kabla ya kufikia uamuzi huo, toa betri na uitazame chini ya mwanga mkali. Utaona ncha ndogo za madini ambazo zinatakiwa kung'aa, lakini mara nyingi zimefunikwa na utando mweusi wa jasho na vumbi, au kutu ya kijani pembezoni. Upande wa redio ncha hizo hukaa juu ya springi ndogo, na kila moja ikibonyezwa taratibu kwa kijiti cha plastiki inapaswa kurudi juu yenyewe. Redio inapopokea huvuta umeme kidogo, nao hupenya hata kwenye uchafu. Inaporusha mawimbi kwa nguvu ya wati 5 huweza kuvuta zaidi ya ampea 1, na hapo uchafu huo unatosha kushusha volti hadi redio izimike. Sugua ncha za betri polepole kwa raba ya kufutia penseli, kisha zipanguse zote kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, na uziache zikauke kabisa. Usitumie msasa, kwa sababu unaondoa tabaka linalozuia kutu.

Antena huvunjwa zaidi na mazoea ya kuibeba redio kwa kuishika hapo. Ipinde kidogo karibu na shina lake uone kama mpira umepasuka. Ikiwa umepasuka, ibadilishe, kwa kuwa unyevu utaingia na sehemu ya chuma iliyo wazi inaweza kuunguza ngozi wakati wa kuzungumza. Antena zinaweza kufanana kwa umbo na hata skrubu zikakubali, ilhali zimetengenezwa kwa masafa tofauti: wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2, na la megahezi 450 ni kama sentimita 67 tu. Ukirusha mawimbi kwa antena isiyo yake, au bila antena kabisa, sehemu ya nguvu hurudi ndani na inaweza kuharibu kikuza mawimbi.

Unapozungumza, ishike redio wima, kama sentimita 5 kutoka mdomoni, bonyeza kitufe, subiri kidogo ndipo useme, la sivyo neno la kwanza litakatwa. Antena isiguse mwili. Mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo aiweke redio mbali na kifua na afuate maelekezo ya daktari wake.

Kuhusu maji, alama ya IP67 humaanisha kuwa redio ikiwa nzima huvumilia kuzamishwa kwenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kinga hiyo hutegemea mipira ya kuziba, kwa hiyo usichokoe tundu la maikrofoni kwa sindano.

Jambo ambalo sikubali kabisa lifanyiwe mzaha ni mahali penye mvuke wa petroli, gesi au vumbi linaloweza kulipuka. Hapo itumike redio iliyothibitishwa kwa mazingira hayo pekee, na betri isibadilishwe humo. Karibu na baruti zinazolipuliwa kwa umeme, redio izimwe kabla ya kufika eneo hilo. Betri ya akiba nayo isikae mfuko mmoja na funguo au sarafu, kwani chuma kikiziunganisha ncha zake itapata moto haraka.

Ukimaliza kusafisha, usiijaribu redio na mwenzako mkiwa meza moja, kwa kuwa kwa ukaribu huo hata redio yenye antena iliyokatika ndani husikika vizuri. Mmoja aende mbali, nyuma ya majengo ikiwezekana, na kila upande urushe na kupokea kabla redio hazijagawiwa kwa zamu.