Seli za SH-SY5Y na HEK293: nichague zipi kusoma tau?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma masta hapa Dar, projekti yangu ni protini ya tau, ile ya ugonjwa wa Alzheimer, wa kupoteza kumbukumbu. Maabara kuna aina mbili za seli za binadamu zinazokuzwa chomboni, SH-SY5Y na HEK293, supavaiza kasema nichague mwenyewe. Mwenzangu ananiambia HEK ni za figo nisiziguse kabisa. Nichukue zipi? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza na swali lako, unataka kuona nini hasa kwenye tau, maana hapo ndo wengi wanapotea. SH-SY5Y watu wanaziita seli za neva lakini hazijatoka kwenye ubongo, chimbuko lake ni uboho wa mtoto wa kike wa miaka 4 Marekani, mwaka 1970, aliyekuwa na neuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, kwa hiyo ni seli changa zinazoendelea kugawanyika wakati neva iliyokomaa haigawanyiki.

Sasa ubongo wa mtu mzima una aina 6 za tau. SH-SY5Y ukizikuza hivihivi zinatoa zaidi ile moja fupi kuliko zote, ndo tau ya mtoto aliye tumboni! Ukimwagia dawa hapo ukaandika imepunguza tau ya wazee umewapotosha watu, na hili linaniuma kwa sababu kuna wagonjwa wanasubiri. Zikomaze kwanza kwa asidi ya retinoiki (inatokana na vitamini A), baadae BDNF (protini inayokuza neva), halafu piga westani bloti, kipimo cha kutenganisha na kutambua protini, kabla na baada, pembeni weka protini ya ubongo wa mtu mzima ulinganishe.

HEK usizidharau. Ni kweli zilitoka kwenye figo ya kijusi, Leiden kule Uholanzi, 1973, lakini zinatoa hata baadhi ya protini za neva, kwa hiyo kukuta nyurofilamenti (nyuzi za protini za ndani ya neva) peke yake sio ushahidi kwamba seli ni ya neva. Ukitaka kuingiza jeni ya tau uone inavyogandana, au kuhakiki kingamwili yako (protini unayotumia kuinasa tau kwenye kipimo) inashika tau kweli, hizo zinafaa sana.

Mimi ningetumia SH-SY5Y zilizokomazwa, HEK kwa kuhakiki kingamwili. Ila usiamini lebo ya kichupa, mwaka 2016 iligundulika seli za U87, za saratani ya ubongo, zinazouzwa na kutumika dunia nzima, DNA yake hailingani na uvimbe wa asili wa Uppsala, Sweden, unaosemekana ndo chimbuko lake. Pima DNA ya seli, pima mikoplasma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli), kisha gandisha vichupa kadhaa mapema, kila kimoja kiandike namba ya paseji, yaani seli zimehamishiwa chombo kipya mara ngapi.