Kabla hujanunua spika mpya, tazama ya zamani imekalia nini

Kama unaishi orofa ya juu ya nyumba ya mawe hapa Lamu na besi yako inavuma utadhani imefungiwa ndani ya pipa, nakuomba usikimbilie kubadilisha spika. Anza na pale ilipokaa. Kwa nyumba zetu, na hasa kwa wanaoweka spika juu ya kabati, miguu ya mpira ya kuzuia mtetemo inaweza kuusafisha muziki kuliko amplifaya mpya. Ila si mpira wowote, wala si kila mahali.

Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, sanduku lake nalo linasukumwa nyuma. Sanduku likiwa limegusana moja kwa moja na mbao au sakafu, mtetemo ule unateremka, na kile kilichoko chini kinaanza kutoa sauti yake chenyewe. Tena hakinyamazi pale muziki unaponyamaza. Ndiyo maana pigo la dumbaki linapoteza ukali wake, na udi unasikika kwa mbali nyuma ya mvumo.

Sakafu zetu za juu ni mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Ni nzito, lakini zinaning'inia. Boriti haivuki mbali, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Hata hivyo, katikati ya chumba sakafu hutikisika kuliko karibu na ukuta inakoshikwa. Juu kabisa, chini ya makuti, ambako baadhi ya watu wamepiga mbao, mtikisiko huzidi. Lakini ukiwa chini, kwenye saruji iliyomwagwa juu ya udongo, usitarajie mengi. Huko pesa zako zipeleke kwenye mazulia na mapazia, maana kuta za chokaa zinarudisha sauti vibaya mno na hakuna mguu wa spika unaotibu mwangwi.

Pima kwa mkono. Cheza wimbo wenye besi ya taratibu, kwa sauti unayoizoea, kisha weka ncha za vidole juu ya kabati, halafu sakafuni hatua moja kutoka kwenye spika. Kwangu mimi kilichonionyesha tatizo ni bakuli la kichina ndani ya kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vyombo. Besi ikishuka kwenye noti moja tu, bakuli linalia zzz. Nikiligusa kwa kidole, linanyamaza. Nilipoinua spika juu ya mpira, likanyamaza bila kuguswa, na noti ile ikatoka na umbo lake, ina mwanzo na mwisho. Lingeendelea kulia ningejua linatikiswa na hewa, na hapo dawa ni kitambaa chini ya bakuli.

Sasa mpira wenyewe, na hapa ndipo wengi hupotea. Mpira chini ya spika ni springi, na kila springi ina kasi yake ya asili ya kupanda na kushuka. Mitetemo iliyo juu ya kasi hiyo, kuanzia kama mara moja na nusu, ndiyo inayozuiliwa. Iliyo karibu nayo huongezewa nguvu! Springi inayozama mm 1 kwa uzito wa spika ina kasi ya Hz 16 hivi, yaani mitetemo 16 kwa sekunde. Ikizama mm 3, Hz 9. Mpira huwa mgumu zaidi unapotikiswa kuliko unapokandamizwa polepole, kwa hiyo kadiria juu kidogo. Uzi wa chini wa gitaa la besi uko karibu na Hz 41, nasi tunataka kuwa mbali chini ya hapo. Ukiweka mpira mgumu chini ya spika nyepesi, hauzami hata kidogo, na unaweza kuikuza besi ile ile uliyotaka kuituliza.

Kwa hiyo pima spika kwenye mizani, gawa kwa nne, maana kila pembe ina mguu wake, ndipo utafute mpira. Wa unene wa mm 15 ukizama mm 2 au 3, umepata. Ukibonyea hadi nusu, umeelemewa. Soli ya ndara nimeona watu wakiitumia. Mwanzo inasaidia, lakini hulala na kubaki bapa. Miguu ya kiwandani nayo huuzwa kwa uzito: GAIA III ya IsoAcoustics, kampuni ya Kanada, ni ya spika ya hadi kilo 32, na GAIA II hadi kilo 54. Kununua kubwa zaidi "kwa usalama" ni kuharibu kazi yake. Ncha za chuma ni habari nyingine: zinaituliza spika ndefu isiyumbe juu ya zulia, lakini mtetemo zinaupitisha.

Unapolinganisha, fanya haki. Mpira umeinua spika, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikisogea karibu na usawa wa sikio sauti hubadilika kwa hilo peke yake. Weka vipande vya mbao vya unene ule ule, sikiliza, kisha weka mpira, bila kugusa kitasa cha sauti. Sabufa, spika ya besi peke yake, ianze, kwa sababu ndiyo yenye nguvu ya kutikisa nyumba.

Nyumba za mtaa wetu wa kale wa Mkomani zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani wa chini atakushukuru kwa sehemu: mpira unakata kinachopita kwenye boriti, haukati kinachopita dirishani. Usiku punguza tu.

Mwisho, mpira unaweza kuacha doa jeusi kwenye mbao iliyopigwa vanishi, hasa kwa joto letu. Weka kigae chembamba au kipande cha bati kati ya mpira na kabati. Na kila baada ya miezi kadhaa inua spika uukague. Ukikuta umepasuka pembeni au umekakamaa, badilisha yote minne pamoja, la sivyo spika itainama upande mmoja.