Kikwaru, kikuku au kichocheo?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu vita vya mwaka 1302 vya Kortrijk, katika Ubelgiji ya leo. Vimepewa jina la vile vyuma vya dhahabu walivyovaa wapanda farasi visiginoni. Nimeandika "Vita vya Vichocheo vya Dhahabu", lakini mwenzangu anashikilia kwamba ni "vikuku". Lipi ni sahihi?

JIBU: Vikuku viacheni kabisa. Kikuku cha farasi huning'inia kwenye tandiko, nacho ni cha kutilia mguu. Kichocheo nacho kimeshazoeleka kwa mambo yasiyoshikika, kama kichocheo cha uchumi. Msomaji hataona chuma.

Mimi ningeandika vikwaru. Kikwaru ni ule mwiba mgumu ulio nyuma ya mguu wa jogoo, anaoutumia kupigana. Chuma cha mpanda farasi hukaa mahali palepale, juu ya kisigino, na kazi yake ni kuchoma. Warumi nao waliviita vyote viwili calcar. Mwiba huo wa jogoo huitwa pia kipi, neno zuri, ila wingi wake ni vipi, na "vipi vya dhahabu" itasomwa kama swali.

Tena umbo linaafiki. Vikwaru vya kale vya Ulaya vilikuwa na ncha moja tu. Katika karne ya 13 vikaanza kuonekana vyenye kigurudumu cha meno, na hivyo unaweza kuviita vikwaru vya kigurudumu. Mpiganaji alishika mkuki mkono mmoja, na ngao pamoja na hatamu mkono wa pili, kwa hiyo miguu ndiyo iliyomwamuru farasi.

Neno "dhahabu" nalo ulitazame. Vyuma hivyo vilipakwa dhahabu tu, navyo vilikuwa alama ya makabaila waliokwisha kutawazwa rasmi kuwa wapiganaji wa farasi. Ndiyo maana tarehe 11 Julai 1302, wanamgambo wa Flanders, yaani eneo lenye mji huo wa Kortrijk, wengi wao mafundi wa mijini waliopigana kwa miguu, walipowashinda makabaila wa Ufaransa, waliwavua maiti vikwaru na kuvitundika kanisani Kortrijk. Inasemekana vilikuwa jozi 500 hivi. Katika jina andika "Vita vya Vikwaru vya Dhahabu", lakini ndani ya makala sema "vilivyopakwa dhahabu". Na kitenzi? Farasi hupigwa vikwaru, kama anavyopigwa mjeledi.